Mkate Ukiwa Ndani ya Gari, Ni wa Nani?

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni dereva, nina miaka 36, nimeoa na tumejaliwa watoto watatu. Naendesha gari la mkate la mzee mmoja mwenye kandarasi na bekari moja ya hapa Nakuru. Ruti yetu inatoka mjini, inapitia Njoro, inaingia Njokerio kwa wanafunzi wa Egerton, halafu inapanda Elburgon na Turi hadi Molo. Tunapakia saa kumi alfajiri. Kufikia saa tano huwa tumemaliza kugawa, kazi inayobaki ni kukusanya pesa na kreti tupu. Mzee hunilipa Sh28,000 kwa mwezi. Sijawahi kukosa mshahara, ingawa kuna miezi unafika tarehe kumi.

Sasa mzee anataka kupumzika. Magoti yanamsumbua, watoto wake wako Nairobi na hakuna anayetaka kazi ya kuamka saa tisa usiku. Aliniita kwake nyumbani, tukanywa chai, akaniambia: "Kijana wangu, hii ruti unaijua kuniliko. Wenye maduka wanakuita kwa jina. Badala ya kumpa mtu wa nje, chukua wewe." Nilishukuru sana, maana si waajiri wengi wanaomfikiria dereva hivyo.

Anataka Sh350,000 za gudwili ya ruti, yaani thamani ya jina na wateja wake, na Sh650,000 za gari. Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli iliyofungwa bodi ya bati nyuma, nalijua hadi mlio wake. Bekari nayo inataka amana ya Sh150,000 kabla ya kuandika jina langu.

Hesabu aliyonipa ni hii. Tunapakia mikate 900 kwa siku, siku sita kwa wiki. Bekari inatuuzia kwa Sh53, sisi tunauza dukani kwa Sh58. "Shilingi tano mara 900 ni 4,500 kila siku," akasema, "na Jumapili unalala." Mama, mtu wa mshahara wa 28,000 akisikia 4,500 kwa siku hawezi kulala hata hiyo Jumapili.

Mambo mengine ninayoyajua mwenyewe: mafuta ni kama Sh1,800 kwa siku. Utingo hulipwa Sh700. Mikate inayorudi ni kama 25 kwa siku, na bekari hupokea mmoja katika kila mia, yaani tisa, inayozidi ni yetu, tunawapa wafugaji wa nguruwe kwa bei ya kutupa. Kreti ikipotea tunalipishwa. Kuna shule moja ya upili ya bweni inayochukua mikate 150 kila siku ya kazi, ndiyo mteja wetu mkubwa. Hulipa pesa za serikali zikiingia, na mzee anasema haijawahi kumlaghai.

Mkataba nimeuona juujuu. Unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi ya siku 30, na haturuhusiwi kubeba mkate wa bekari nyingine.

Kwenye sacco nina akiba ya Sh220,000. Wanakopesha mara tatu, kwa hivyo naweza kupata Sh600,000 nilipe kwa miaka mitatu. Pesa iliyobaki nimefikiria kukopa kwa logibuku ya hilo gari, yaani hati yake ya umiliki.

Tatizo ni mke wangu. Yeye huuza mboga soko la Njoro na ana kichwa cha hesabu. Amekataa katakata. Anasema kama ruti inaleta 4,500 kila siku, mbona mzee hununua tairi za mtumba? Sikuwa na jibu. Mzee anataka neno langu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna mtu wa Bahati ambaye tayari ana pesa taslimu.

Je, nichukue? Na ni hatari gani ambazo sizioni?

Dereva wa Mkate, Njoro

*

Mwanangu,

Swali la mke wako kuhusu tairi ndilo swali lote. Tulifuate kwa kalamu, tukitumia takwimu zako mwenyewe.

Unapakia 900. Mikate 25 inarudi, kwa hivyo umeuza 875. Shilingi tano kila mmoja, hiyo ni Sh4,375. Katika ile 25, bekari imepokea tisa, na 16 imebaki mikononi mwako, nawe ulishainunua kwa Sh53. Hiyo ni hasara ya Sh848. Umebaki na Sh3,527. Toa mafuta 1,800, toa utingo 700. Mkononi ziko Sh1,027.

Kwa siku 26 za kazi, Sh1,027 inakuwa Sh26,702 kwa mwezi. Wewe unalipwa 28,000.

Sasa ngoja, kuna jambo hapo la kukusumbua kuliko hata hiyo tofauti. Kutoka kwa hiyo 26,702 mzee amekuwa akikulipa wewe Sh28,000. Haiwezekani, na hapo hatujagusa bima, sevisi wala tairi. Kwa hivyo kati ya mambo mawili, moja ni kweli. Ama kuna pesa nyingine inayoingia ambayo hukuambiwa, kwa mfano bonasi ya bekari kwa mwanakandarasi anayefikisha kiwango fulani cha mauzo, ama mzee amekuwa akila gari lake polepole, halifanyiwi matengenezo, hakuna kinachowekwa kando, na mshahara wako unafika tarehe kumi. Kama ni bonasi, uliza inahesabiwaje na kama mwanakandarasi mpya anaipata tangu mwezi wa kwanza. Kama ni gari, basi hilo gari la Sh650,000 lilishaliwa.

Simwiti mzee mwongo. Watu wengi wa biashara ya kugawa bidhaa huhesabu hivyo, wanatazama faida ya kipande kimoja wanazidisha, na gharama wanazihesabu kama ajali zilizotokea mwezi huo tu. Lakini muombe taarifa ya bekari ya miezi 12 inayoonyesha mikate aliyochukua, aliyorudisha na alichokatwa, pamoja na taarifa ya M-Pesa ya nambari yake ya kulipia. Mtu anayeuza ruti kwa Sh350,000 hana sababu ya kuona aibu kutoa karatasi hizo.

Halafu kuna mkopo. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kwa kiwango hicho, Sh600,000 kwa miezi 36 ni karibu Sh19,900 kila mwezi, sawa na Sh766 kila siku ya kazi. Katika ile 1,027 unabaki na Sh261, na hizo ndizo za unga, karo, bima na tairi. Bado unahitaji Sh550,000 nyingine. Akiba yako usiihesabu, maana ndiyo inayoshikilia mkopo wa sacco, huwezi kuitoa. Wakopeshaji wa logibuku nao kwa kawaida hutoa sehemu tu ya thamani ya gari, riba yao huhesabiwa kwa mwezi, na ukichelewa dalali hana haja ya kusikia habari za shule iliyochelewa kulipa. Gari likichukuliwa leo, kesho hakuna mkate uliogawa, na bekari itampa mwingine ruti kabla wiki haijaisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mkate ukishatoka kwenye lango la bekari ukiwa ndani ya gari lako, ni wa nani?

Umeandika kwamba bekari "inatuuzia" kwa Sh53. Kama mkataba unasema hivyo, basi unanunua na kuuza, na mkate ni wako kuanzia langoni. Ukinyeshewa Turi, ni wako. Ukipondeka kwa sababu utingo alipanga kreti vibaya, ni wako. Mwenye duka akifunga na kuhamia Eldoret na deni lako, deni ni lako. Kuna kandarasi za aina nyingine ambapo mkate unabaki mali ya bekari hadi uuzwe, na wewe unalipwa kamisheni ya kuupeleka na kukusanya pesa. Kwa dereva aliye barabarani saa kumi na moja asubuhi aina hizi mbili zinafanana kabisa, kreti ni zilezile na shilingi tano ni ileile. Kwa mtoza kodi na kwa kampuni ya bima, hazifanani hata kidogo.

Anza na kodi. Tangu sheria ya fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hulipa TOT, yaani kodi ya mauzo, ya asilimia 3, na inatozwa kwa mauzo yote kabla ya kutoa gharama yoyote. Wewe ukiuza mikate 875 kwa Sh58, mauzo yako ya siku ni Sh50,750. Asilimia 3 yake ni Sh1,522. Rudi juu utazame ulichobaki nacho: Sh1,027. Kodi peke yake inazidi faida yako yote, na bado hujalipa sacco. Lakini kama ungekuwa wa kamisheni, mauzo yako yangekuwa Sh4,375 kwa siku, na asilimia 3 yake ni Sh131.

Nimeona watu wakifunga biashara nzuri kwa sababu ya tofauti hiyo, kwa kuwa mtu fulani wa saiba, duka la intaneti, aliwasajilia TOT akidhani anawarahisishia. Kama mkataba utabaki wa kununua na kuuza, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya mapato, ukichagua kutozwa kodi ya kawaida ya mapato, yaani kwa faida na si kwa mauzo. Kwa biashara ya faida nyembamba kama ya mkate, ndiyo njia. Ila ukiichukua lazima gharama zako ziwe na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa nayo haikubaliwi kupunguza kodi. Mekanika wa chini ya mti kule Shabab na risiti yake ya kuandikwa kwa mkono hatakusaidia. Jambo la VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nalo ulipeleke kwa mhasibu kabla ya kusaini. Mkate wa kawaida una VAT ya asilimia sifuri, mteja wako halipi kitu, lakini mauzo yake huhesabika katika kile kiwango cha Sh5 milioni kwa mwaka cha kujisajili. Wewe utakuwa karibu na Sh16 milioni.

Bima ni hivyohivyo. Gari la biashara hukatiwa bima kulingana na mzigo linaobeba, iwe mali ya mwenye gari au mali ya watu wengine kwa malipo, na ya pili huwa ghali zaidi. Ukikata ya kubeba mali yako kwa sababu ni nafuu, kumbe mkataba unasema mkate ni wa bekari, siku ya ajali kampuni ya bima itasoma mkataba wako kwa makini kuliko wewe ulivyousoma. Peleka nakala ya mkataba kwa wakala na umwambie akuandikie ni aina gani inayokufaa. Bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima, hailipii gari lako wala mkate. Mkate wenyewe una bima yake ya mzigo safarini. Na wewe hurudi kutoka Molo kwa njia gani? Wenzako wengi wakimaliza hukata kwa barabara kuu na kuteremka Sachangwan hadi Salgaa, wakiwa wameamka saa tisa usiku. Sihitaji kumweleza dereva wa Nakuru habari za ajali za huo mteremko.

Gudwili. Hapa mzee anakuuzia nini hasa? Si maduka, maana wenye maduka wananunua jina la bekari na urahisi wa kuletewa mapema. Si uhusiano nao pia, kwa sababu kama alivyosema mwenyewe, wanaokuita kwa jina wanakuita wewe. Anachokuuzia ni nafasi kwenye mkataba unaoweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 30. Bekari ikiamua mwezi wa tatu kuigawa ruti, Njoro na Njokerio wapewe mtu mwenye tuktuk na wewe ubaki na Elburgon hadi Molo, Sh350,000 zako huna wa kumdai. Wala usidhani mzee ana ruhusa ya kuuza. Mikataba mingi ya namna hii inakataza mwanakandarasi kumhamishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Nenda kwa meneja wa mauzo, bila mzee, umuulize kama wanaitambua gudwili. Nina hakika ya karibu kabisa kwamba atacheka.

Sasa ile shule. Mikate 150 kwa siku, kwa Sh53 uliyoilipa bekari, ni Sh7,950 kila siku. Kwa mwezi mmoja ni Sh206,700 za mtaji wako zimekaa ndani ya stoo ya shule zikingoja kapitesheni, zile pesa za serikali. Bekari haimngojei mzee, wala haitakungojea wewe: hulipi, hupakii. Mzee ana miaka yake kwenye hiyo biashara na pengine ana mtaji wa kuzunguka. Wewe unaingia ukiwa umeshakopa mwisho wa uwezo wako. Na shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, unapoteza Sh750 za faida kwa siku huku gari likichoma mafuta yaleyale, kwa sababu Molo haijasogea karibu. Njokerio nayo hubaki kimya wanafunzi wakienda nyumbani au wahadhiri wakigoma. Ukichukua ruti, iambie shule kwamba unapeleka mkate wa wiki mbili kwa mkopo, basi. Bursa atanuna. Kila mzigo uandikwe na utiwe sahihi na muhuri, kwa sababu Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi Sh1 milioni na sheria inaitaka imalize kwa siku 60, huhitaji wakili, lakini inataka karatasi.

Madeni ya dukani ni madogo lakini ndiyo mengi. "Leo niachie, kesho nitalipa ukileta mwingine." Sheria ya wanaodumu ni moja, mkate wa jana ulipwe kabla wa leo haujashuka. Hela za M-Pesa zitazame kwenye simu yako mwenyewe, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na haraka. Na ile mikate 25 inayorudi, nusu yake nadhani inatengenezwa na mpangilio wa rafu. Mwenye duka akipokea mkate mpya anauweka mbele kwenye wavu, mteja anauchukua huo, wa jana unazeeka nyuma halafu unarudishiwa. Utingo mzuri hashushi kreti na kukimbia, anaingia, anavuta wa jana mbele, anasoma tarehe kwenye kibanio, na anamwambia mwenye duka, "Mama, leo chukua kumi na wawili, si ishirini." Ukiweza kushusha mikate inayorudi kutoka 25 hadi 12 kwa siku, ile hasara ya Sh848 inakuwa Sh159. Hiyo ndiyo pesa pekee katika ruti hii iliyo mikononi mwako kabisa, na ni kubwa. Na kreti zako zihesabu ukiondoka kila duka, zisije zikaonekana sokoni zimepangwa nyanya.

Nimesema utingo. Unamlipa 700 kwa siku mkidhani ni kibarua, lakini kwa sheria ya ajira ya 2007, kibarua anayefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi ana haki za mwajiriwa. Hapo kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, SHA ya bima ya afya, ada ya nyumba, na bima ya ajali kazini, kwa sababu akianguka kutoka nyuma ya gari Elburgon, bili ni yako. Wewe mwenyewe pia utajilipia SHA, na hiyo hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Leo hayo yote ni mzigo wa mzee.

Kuna mengine yako nje ya uwezo wa yeyote, ila mkataba unaweza kusema nani anayabeba. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 na shilingi tano yako haisogei. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa na itakuwa ya kulipia. Machi 2020 kafyu ilianza usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, saa zenu za kupakia. Juni 2024 mswada wa fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 kabla pendekezo hilo halijaondolewa, na miji ikafungwa kwa maandamano. Agosti 2027 kuna uchaguzi, na mkopo wako wa miezi 36 utakuwa bado unadai. Omba kifungu kinachosema mafuta yakipanda kupita kiasi fulani kamisheni inapitiwa upya, na kingine cha siku ambazo barabara hazipitiki. Wanaweza kukataa. Lakini namna watakavyokataa itakuonyesha utakavyoishi nao.

Ushauri wangu, basi. Kwa masharti haya, usichukue. Mke wako amekuokoa.

Ila sisemi uache wazo lenyewe, kwa sababu una kitu ambacho mtu mwingine hana: unajua kila mlango wa hiyo ruti. Mzee akienda, bekari itakuwa na pengo, na meneja wa mauzo anajua kwamba mkate usipofika Molo asubuhi moja, wa mshindani unafika. Kaa naye uombe mambo manne. Mkataba wa kamisheni, si wa kununua na kuuza. Notisi ya siku 90 au zaidi. Mikate inayorudi wapokee mitatu kwa kila mia angalau kwa miezi sita ya kwanza. Na amana ikatwe kidogokidogo kwenye kamisheni badala ya kulipwa mara moja. Gari usinunue. Mwambie mzee akukodishie kwa siku kwa mkataba ulioandikwa, matengenezo makubwa yawe yake na madogo yawe yako. Yeye anapata pesa ya kila wiki bila kuamka, nawe unajifunza biashara bila logibuku ya mtu. Hesabu kodi hiyo ya gari isizidi kile ambacho sacco ingekukata, vinginevyo umerudi palepale. Ukikubaliana baadaye kununua, tafuta kwanza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama logibuku haina jina la mkopeshaji, na umpeleke mekanika asiyekujua wewe wala mzee.

Gudwili usilipe hata shilingi. Kama roho inakusuta kwa wema wake, mpe asante ya maana mwisho wa mwaka kutoka kwa faida, ukiwa umeiona.

Kuhusu wadhamini wako wa sacco, kabla hata ya kuchukua mkopo mdogo zaidi wa kuanzia, wape hesabu hizi wazisome. Watakaolipa ukishindwa ni wao, na wengine ni majirani zako.

Na yule mtu wa Bahati mwenye pesa taslimu, mwache anunue. Kama yuko kweli na yuko tayari kulipa Sh350,000 kwa notisi ya siku 30, atahitaji dereva anayejua ni duka gani la Turi hufunguliwa saa ngapi. Mwambie mshahara wako sasa ni Sh34,000, na tarehe tano.

Mama Mshauri